Kamati ya timu yetu ya kikapu Arusha, mnamuua staa wetu kwa kumbebesha mpira peke yake

Wakuu, salamu baadaye. Leo nina povu.

Jumamosi tumepigwa tena Moshi. Kupigwa siyo kesi, kikapu kina kushinda na kushindwa. Kesi ni kwamba tumepigwa kwa dawa ileile waliyotupa walipokuja kwetu, halafu tunarudi kwenye Coaster, hatujafika hata Boma Ng'ombe, kiongozi mmoja anasimama anatuambia tatizo ni morali. Morali! Jina la timu naliacha, wenyewe mnajijua.

Naeleza ilivyokuwa maana wengi mlisoma matokeo tu kwenye grupu. Robo mbili za kwanza tuko vizuri. Staa wetu, jezi 11, anafunga anavyotaka, mpaka mashabiki wa Moshi wanampigia makofi. Robo ya tatu kocha wao akabadilisha kitu kimoja tu: 11 akishavuka mstari wa kati, wanamfuata wawili. Wa kwanza anamsimamia mbele, wa pili anatokea ndani, wanamsukumia kwenye kona ile ya mstari wa kati na mstari wa pembeni. Kurudi nyuma hawezi, ni kosa. Kwenda pembeni hawezi, atatoka nje. Akishaushika mpira kwa mikono miwili, zimebaki sekunde tano refa apulize. Anauinua juu ya kichwa, anatafuta mtu wa kumpa.

Na wenzake? Wanne wamesimama wanamtazama. Mmoja kashika kiuno! Akibahatika kupenyeza pasi, aliyepokea anaushika ule mpira kama kakabidhiwa kichanga cha mtu, anadunda mara mbili macho chini, halafu anamrudishia 11 yuleyule. Saa ya sekunde 24 za kushambulia imebaki sita. 11 anarusha kutoka mbali na mtu kamning'inia mkononi. Inagonga chuma, Moshi wanaokota, wanakimbia, wanafunga. Hivyo hivyo robo ya tatu nzima, na ya nne.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la pili. Uwanjani ni watano kwa watano. Wawili wakimfuata 11, kwao wamebaki watatu, kwetu wamebaki wanne. Yaani Moshi walikuwa wanatupa mtu wa bure kila tukishambulia, na sisi tunakataa! Tunakataa kwa sababu hatuna anayejua kumtumia. Anatakiwa mtu mmoja akae katikati, karibu na mstari wa mitupo huru, apokee ile pasi, ageuke, ainue kichwa, na kabla mabeki hawajajipanga awe ameshaamua: mpira uende kona au uende kwa mtu mrefu chini ya goli. Akisita kidogo tu, wale wawili wameshawahi kurudi na faida imeyeyuka. Huyo ndiye mchezeshaji wa pili ninayempigia kelele kila siku mpaka mnaniita mjuaji.

Na msinijie na "tumesajili mfungaji wa pili". Mfungaji wa pili tunaye, na wa tatu tunaye. Wote wanasubiri kupewa. Ninaongelea mtu anayetoa.

Wengine mnadhani mchezeshaji lazima awe mfupi anayechenga. Golden State wa NBA, ligi ya Marekani, msimu wa 2015-16 walishinda mechi 73, staa ni Stephen Curry, msimu ambao alipewa tuzo ya MVP, mchezaji bora wa msimu, kwa kura zote. Aliyeongoza kwa asisti, yaani pasi zinazozaa goli, kwenye timu ile siyo Curry. Ni Draymond Green, fowadi, mtu wa kugombana chini ya goli: asisti 7.4 kwa mechi, Curry 6.7. Timu zilikuwa zinamfuata Curry wawili mbali kabisa na goli, Curry anamwachia Green pale katikati, Green anakuta wamebaki watatu kwa wanne, basi. Kumbana Curry kukawa hasara. Sisi kumbana 11 ni faida tupu, na taarifa zimeshasambaa Kilimanjaro nzima, hivi karibuni zitafika Manyara na Tanga.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mtu huyo TULIKUWA NAYE. Yule chalii wa Usa River mnamjua. Hakuwa na mbwembwe, hakuwa anafunga sana, mashabiki hata jina walikuwa hawalishiki. Ila mpira ulikuwa unafika. 11 akibanwa, chalii anashuka kumsaidia bila kuitwa. Na alikuwa na kale katabia ka kuunyooshea kidole upande mtupu wa uwanja kabla hajapewa mpira, ili wa kona ajiandae. Akaomba arudishiwe nauli ya mazoezi, nauli tu wakuu, siyo mshahara. Kamati ikasema hakuna fungu. Mwezi uleule fungu la jezi za mikono mirefu za kupasha misuli likapatikana. Mjumbe mmoja akatetea kwamba chalii "anashika sana mpira, anamnyima staa". Chalii kaacha, yuko zake kwenye pikipiki anatafuta riziki, na simlaumu.

Wakubwa nao wameshalia kwa kosa hilihili. Dallas walimfikisha staa wao Luka Dončić fainali ya Magharibi, hatua moja kabla ya fainali ya NBA, mwaka 2022, pembeni yake yuko Jalen Brunson. Mechi tatu za kwanza dhidi ya Utah Luka alikuwa majeruhi, Brunson akaibeba timu, mechi ya pili akafunga pointi 41. Msimu ukaisha, Brunson akaondoka kwenda New York kwa mkataba wa dola milioni 104 wa miaka minne, Dallas hawakupata hata mchezaji mmoja wa kufidia. Msimu uliofuata wakashinda 38, wakapoteza 44, hata mchujo hawakugusa. Katikati ya msimu huo walishaanza kuhangaika, wakamchukua Kyrie Irving, na 2024 ndiyo wakafika fainali ya NBA. Luka ni yuleyule. Kilichobadilika ni nani yuko pembeni yake.

Kuna wadau wa "staa wa kweli anabeba timu". Haya, hakuna staa kuliko LeBron James. Fainali ya 2015 dhidi ya Golden State, akiwa Cleveland na huyohuyo Irving, Irving alivunjika mfupa wa goti mechi ya kwanza tu, Kevin Love alishaumia bega tangu raundi ya kwanza. LeBron akabaki peke yake na mpira: wastani wa pointi 35.8, ribaundi 13.3, asisti 8.8. Mnasikia namba hizo? Na Cleveland walifungwa mechi nne kwa mbili. Mitupo yake ilikuwa inaingia chini ya asilimia 40, na Andre Iguodala aliyekuwa anamkaba akaondoka na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Mwaka uliofuata, wapinzani walewale, Irving mzima. Wako nyuma tatu kwa moja, mechi ya tano LeBron 41 na Irving 41. Mechi ya saba imebaki chini ya dakika moja, matokeo sare, mpira mkononi kwa Irving, akapiga pointi tatu mbele ya uso wa Curry. Cleveland bingwa. Kama LeBron alihitaji msaidizi, 11 wetu anayekula mihogo na chai kabla ya mechi ni nani?

Halafu tuongelee mwili. Moshi siyo Arusha, wakuu, kule jua la saa tisa kwenye uwanja wa saruji linakuchoma mpaka kisigino. 11 anapandisha mpira mwenyewe, anabanwa mwenyewe, anafunga mwenyewe, na akirudi nyuma kocha anampanga amkabe mtu hatari wa wapinzani! Dakika 40. Robo ya nne mitupo yake yote ilikuwa mifupi, inagonga mdomo wa mbele wa chuma. Ukiona mfungaji anakosa kwa kufupisha, hiyo ni miguu imekwisha. Mitupo huru miwili akakosa yote, mtu ambaye mazoezini hakosi. Na ninyi kwenye grupu mkaandika "11 kajisahau, starehe zimezidi". Hamna aibu.

Kumpumzisha siyo lazima akae benchi. Mwenzake akipandisha mpira hata mara chache kila robo, 11 anatembea zake mpaka kona, anavuta pumzi, anakuja kwa kasi kupokea akiwa ameshaangalia goli. Mara ya mwisho mlimwona lini 11 akifunga kwa pasi ya mtu? Mimi sikumbuki.

Kocha, kwako sina ugomvi mkubwa maana najua huna watu. Lakini jezi 8 ana mikono mizuri, ni mrefu, hana papara, wewe umemfanya kazi yake iwe kuweka kizuizi na kugombea ribaundi. Mweke pale katikati mazoezini, mpe pasi, mwamuru aamue haraka, wanne kwa watatu, kila jioni mpaka achukie. Atapoteza mipira, apoteze. Afadhali apoteze yeye akijifunza kuliko 11 apasuke msuli.

Kamati, mtafuteni chalii wa Usa River, mrudishieni nauli yake na muombeni radhi. Fedha mkisema hakuna, wekeni namba ya mchango hapa, mimi naanza.

Na kabla hamjaja kunishambulia, mmoja wenu anijibu hili: Jumamosi ijayo wakimbana 11 pale kati, pasi anampa nani?