Piti mara mbili kwenye mbio za Formula 1 Monaco 2025: sheria ilifaa au la?

Bwana Piti: Wadau, 2024 pale Monaco kumi bora walimaliza vilevile walivyopangwa mstarini. Ajali mzunguko wa kwanza, bendera nyekundu ya kusimamisha mbio, watu wakabadilisha tairi bila kupoteza muda, kilichobaki msafara. 2025 wakalazimishwa kutumia seti tatu za tairi, yaani kuingia piti kubadilisha mara mbili. Mstarini: Norris, Leclerc, Piastri, Verstappen. Mwisho: Norris, Leclerc, Piastri, Verstappen! Jumamosi ya kufuzu ndiyo mashindano, Jumapili ni harusi ya jirani, unakwenda kwa sababu ulishachanga.

Dada Tifosi: Leclerc kashinda nyumbani kwao 2024, wewe unaita msafara. Angekuwa Hamilton ungeita darasa.

Bwana Piti: Nani kamtaja Hamilton hapa?

Dada Tifosi: Ndiyo maana nauliza. 2025 alifuzu wa nne, akashushwa nafasi tatu kwa kumzuia Verstappen. Hiyo umeiruka kimyakimya.

Tairi Ngumu: Turudi kwenye mada. Sheria yenyewe ndiyo imeleta uhuni. Lawson alitambaa makusudi kuwabana wa nyuma, mwenzake wa timu Hadjar akapata mwanya wa kuingia piti bila kupoteza nafasi. Timu ya Williams wakaiga, madereva wao Albon na Sainz wakipokezana kutambaa. Russell uvumilivu ukamwisha, akakata kona akampita Albon, akala adhabu. Gari lilikuwa na upana wa mita mbili, pale ungempitia mtu wapi?

Dereva wa Noah: Mnaangalia foleni halafu mnaita mbio. Njooni Safari Rally kule Naivasha mle vumbi.

Bwana Piti: Naivasha ipi kaka? Ile Toyota walizoa nafasi nne za kwanza miaka mitatu mfululizo?

Dereva wa Noah: Miwili! 2022 na 2023. 2021 Tänak wa Hyundai alikuwa wa tatu. Usilolijua kaa kimya. Na tairi likipasuka kwenye hatua ya Kedong unashuka na jeki yako wewe na msomaji ramani wako, hakuna vijana ishirini wa kukubembeleza.

Bwana Piti: Nimekosea mwaka mmoja, matusi ya nini?

Tairi Ngumu: Jamani, Monaco! Verstappen alikaa bila kuingia piti mara ya pili hadi dakika za lala salama, akiomba itokee bendera nyekundu abadilishe tairi bila kupoteza muda. Sheria gani hiyo ya kumfanya bingwa asubiri ajali ya mwenzake?

Dereva wa Noah: Nne za kwanza mara mbili, Bwana Piti. Mbili. Andika ukutani.

Dada Tifosi: Na mimi la Leclerc bado sijajibiwa.