Hadi diski ya GB 320 inaonekana GB 127 tu kwenye XP, nimeuziwa feki?

nyuzi_arua:
Wakubwa habari za jioni. Niko Arua, nina karakana ndogo ya kudarizi beji za sare za shule. Mashine inaongozwa na kompyuta ya zamani, Pentium 4 yenye Windows XP, na programu yake inataka ule mlango mpana wa printa za kale kwa hiyo laptopu mpya hainisaidii kitu. Hadi diski ya GB 40 ilianza kulia, nikaagiza nyingine ya IDE (ile ya waya mpana wa zamani) kutoka Kampala, ikaja na basi, juu imeandikwa GB 320. Nimepiga Windows upya na CD yangu ileile ya zamani, imekubali, ila nikifungua My Computer nasoma GB 127. Muuzaji anaapa diski ni nzima. Shule zinakaribia kufungua, nimrudishie ama?

fundi_wandegeya:
Usimrudishie dada, muuzaji anasema kweli. Hizo kompyuta zilikuwa zinaita kila sekta (kipande kidogo) ya diski kwa namba ya biti 28, maana yake mwisho ni sekta 268,435,456, na kila sekta ni baiti 512, ukizidisha unapata baiti kama bilioni 137, yaani GB 137. Windows inahesabu kwa 1024 kwa hiyo kwake hiyo ni 128, na ikitoa kidogo unaona 127. XP ilipotoka 2001 ilikuwa imefungwa hapo, wakaja kuifungua na Service Pack 1 (furushi la masahihisho ya Windows) mwaka 2002, ikaanza kutumia biti 48.

Angalia vitu viwili. Washa mashine ubonyeze Delete au F2 kabla Windows haijaanza, uone BIOS, ile programu ndogo inayoamka kabla ya Windows, inasoma ngapi. Halafu bonyeza kulia kwenye My Computer, Properties, uone kama imeandikwa Service Pack yoyote.

kijana_mbale:
Mbona rahisi, chomoa diski uichomeke kwa kompyuta mpya, fanya patisheni (sehemu ya diski) moja ya GB 320 yote, jaza michoro yako, rudisha kwa XP. Itaiona yote.

fundi_wandegeya:
@kijana_mbale hapana ndugu yangu, tafadhali dada usifanye hivyo! Itaiona yote ndio, na hapo ndipo hatari ilipo. XP isiyo na Service Pack ikisoma kwenye patisheni kwamba kuna 320 inaamini, inaendelea kuandika vizuri mpaka inafika ule mpaka wa 137, ikivuka hapo namba inakatwa na maandishi yanarudi mwanzo wa diski, yanaangukia juu ya Windows na orodha ya mafaili. Hakuna onyo lolote, unafanya kazi wiki hata miezi kisha asubuhi moja haiwaki. Watu wanalaumu umeme, wanalaumu virusi, kumbe ni hiyo. Kuona GB 127 ni usalama, inakunyima nafasi lakini haikuharibii kitu.

nyuzi_arua:
Asanteni sana. BIOS inasema 320. Kwenye Properties hakuna Service Pack imeandikwa, ni Version 2002 tu.

fundi_wandegeya:
Safi, kama BIOS inaiona basi madabodi haina shida. Tafuta SP2, yaani Service Pack 2, kwa flashi uiweke, baadaye SP3, usiruke moja kwa moja kwenye SP3 kwa sababu inadai SP1 au SP2 iwepo kwanza. Ukimaliza fungua Disk Management, utakuta sehemu nyeusi haijagawiwa, hapo unda D. Jumla itasoma 298 hivi, usishtuke, kiwandani wanahesabu kwa 1000.

Na ile CD ya zamani ukishaunda D usiitumie tena kupiga Windows, yenyewe bado haiujui ule upande wa pili. Tafuta kwa fundi CD ambayo tayari ina SP ndani yake.

mzee_busia:
Fundi amesema vizuri. Hii mipaka ipo tangu zamani, tulianza na ya MB 528, ikaja ya GB 8.4, halafu kuna BIOS zilikuwa zinaganda kabisa ukiweka diski ya zaidi ya GB 33 mpaka uhamishe jampa (kile kifuniko kidogo cha pini) nyuma ya diski. Na msidhani imeisha, ukileta diski ya TB 3 kwenye mashine ya aina hiyo inaweza kukuonyesha GB 746 tu, maana patisheni za MBR (mtindo wa kale wa kugawa diski) zinaishia TB 2.2 na kinachozidi ndicho kinachobaki kuonekana.

Lakini binti yangu, mimi kwako nisingegusa kitu msimu huu. Mchoro wa beji ni KB chache tu, hiyo 127 hutaijaza. Kwanza ile ya GB 40 inayolia, toa kila kitu humo leo hii, michoro kwanza ndipo mengine, na isiwashwe bure.

nyuzi_arua:
Sawa mzee, naihamisha usiku huu. SP2 nitaiweka shule zikishachukua beji zao.