Meza ya tenki la samaki: mninga, paini au chuma?

Perege wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Nimepata tenki la kioo, urefu sentimita 120, upana 45, kina 50. Likijaa ni lita 270, yaani kilo 270 za maji peke yake. Weka kioo cha milimita 10 na mawe, unakaribia kilo 350. Mifuko saba ya saruji sebuleni! Fundi mmoja kasema mninga, mwingine paini ya inchi mbili kwa nne, jirani kasema achana na mbao, chomelea skwea paipu. Mliopitia hii mnanishaurije?

mama_kambale
Chochote isipokuwa MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Mimi nilijidai na kabati zuri jeupe. Kila nikibadilisha maji, matone yanaingia kwenye ukingo. Miezi minne likavimba kama andazi, kona moja ikashuka. Nilihamisha samaki kwa ndoo saa tano usiku.

Seremala Mstaafu
Perege, unauliza aina ya mbao kabla hujauliza mzigo unakaa juu ya nini. Meza nyingi za mtaani miguu imepigiliwa ubavuni mwa fremu, kwa hiyo uzito wote unaning'inia kwenye skrubu. Hapo hata mninga haukusaidii. Fremu ya juu ikalie vichwa vya miguu, mbao juu ya mbao mpaka sakafuni. Skrubu na gundi kazi yake ni kushikilia tu.

Halafu mbao za fremu zisimamishe, usizilaze. Fanya jaribio: laza mbili kwa nne juu ya matofali mawili, ikanyage katikati, inadunda. Isimamishe kwa ubavu, kanyaga tena. Utaniambia.

Paini inatosha kabisa, miguu sita, mradi iwe kavu. Mbichi inapinda ikishakauka, na hapo tenki liko juu yake. Nyuma piga plaiwudi, ndiyo inayozuia meza kuyumba.

Mdigo77
Chuma nilijaribu, niko Tanga. Nguvu kinayo, sibishi, lakini hewa ya chumvi ilianza kula viungo vya kuchomelea kabla mwaka haujaisha. Tena fundi alichomelea fremu ikajikunja kidogo, kona moja ikawa haigusi kioo. Kioo hakipendi hivyo.

mama_kambale
Kwa hilo watu huweka fomu nyeupe ya boksi la TV chini ya tenki. Ila ni kwa tenki ambalo kioo cha chini kinakaa moja kwa moja kwenye meza. Lenye fremu ya plastiki halihitaji.

Seremala Mstaafu
Fomu inaficha kasoro ndogo, haitengenezi meza iliyopinda. Weka pimamaji kabla ya kujaza, urefu na upana. Ikiinama, kabari iwe chini ya mguu, sio chini ya kioo.

Perege wa Tabata
Asanteni sana wakuu. Paini kavu, miguu sita, plaiwudi nyuma. Vanishi nipake nje tu au na ndani?

Seremala Mstaafu
Kote, na zaidi chini ya miguu. Maji ya deki ndiyo yatakayoiozesha kabla ya maji ya samaki.