Mnaofundisha pudini ya Krismasi "isiyo na ngano": mmemlaza wifi yangu siku tatu. Futeni hiyo video!

Wakuu, heshima zenu. Mimi humu ni msomaji tu, kuanzisha uzi siyo kawaida yangu. Lakini hili nimelibeba moyoni tangu Krismasi iliyopita, na leo asubuhi nimefungua simu nikakuta ile video imerudi. Inazungushwa kwenye magrupu ya Watanzania wa huku Uingereza: "Akina dada, Jumapili ya kukoroga imekaribia, hii hapa pudini rahisi kwa wasiokula ngano." Mikono ilitetemeka. Jina la chaneli silitaji, maana sijaja kumchafua mtu. Nimekuja kusema alichokosea, na kwa nini kukaa kwake kimya ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: pudini ya Krismasi siyo keki. Ni zabibu kavu za aina mbili tatu, maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, sukari nyeusi, chenga za mkate, unga kidogo, mayai, mdalasini, karafuu, kungumanga, bia nyeusi, brandi, na shahamu ya ng'ombe, ile inayozunguka figo. Unachanganya vyote, unashindilia kwenye bakuli la kauri, unafunika kwa karatasi ya kuokea na foili iliyokunjwa pindo katikati ili pudini ipate pa kuumukia, unafunga kamba, kisha unaipika kwa mvuke saa 6 hadi 8. Siyo dakika. Saa. Unakaa nyumbani siku nzima unaongeza maji ya moto kwenye sufuria yasikauke. Baada ya hapo inakaa mahali penye baridi na giza wiki nne au tano, na siku ya Krismasi unaipasha kwa mvuke tena kama saa 2 ndipo iingie mezani.

Waingereza wenyewe huichanganya Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, kile kipindi cha kuingojea Krismasi. Sala ya siku hiyo katika kitabu cha sala cha Kianglikana huanza kwa kumwomba Mungu azichochee nia za waumini, na kwa Kiingereza neno lenyewe ndilo hilo hilo la kukoroga, ndiyo maana ikaitwa Jumapili ya kukoroga. Nyumba nzima inapokezana mwiko, unakoroga kutoka mashariki kwenda magharibi kwa kuwakumbuka Mamajusi, na kila mtu ana ombi lake moyoni.

Hayo yote nilifundishwa na mama mkwe, Mungu amlaze pema. Alikuwa mtu wa Yorkshire. Nilipofika nyumbani kwake mara ya kwanza hakuniuliza najua kupika nini, alinipa mwiko. Bakuli lake ninalo mimi mpaka leo, lina ufa mwembamba kwenye ukingo, na kila mwaka lazima nipitishe kidole pale kabla sijalipaka siagi. Ninaposema pudini hii si mchezo kwangu, wakuu, nieleweni.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 2023 wifi yangu aligundulika ana ugonjwa wa siliaki. Huu siyo mtindo wa watu wa kupunguza uzito, na siyo kudeka. Gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, ikiingia tumboni, kinga ya mwili wake inageuka na kuushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Krismasi ya mwaka ule alikaa mezani na kikombe cha chai, sisi tunakula pudini ya mama yake, kwenye bakuli la mama yake. Hakulalamika. Ila nilimwona anavyolitazama lile bakuli, nikajiapiza mwakani na yeye atakula.

Mwaka jana nikaipata hiyo video. Ya Kiswahili, mtu wa kwetu, anaishi hukuhuku, anaongea kwa upole, anasema kabisa: "Hii nimeijaribu mara nyingi, wagonjwa wa siliaki kuleni bila wasiwasi." Unga wa ngano ameubadilisha kwa unga wa mchele. Mkate ametumia ule maalumu usio na gluteni. Hapo yuko sawa. Halafu anachukua pakiti ya shahamu iliyokwisha kukatwakatwa, ile inayouzwa dukani kama chembe ndogo nyeupe, anaimwaga yote na kusema, "Hii ni mafuta ya ng'ombe tu, haina ngano." Halafu chupa ya bia nyeusi, gluguglu, ndani.

Wakuu, shahamu ya pakiti karibu zote hupakwa unga wa ngano! Mafuta yakikatwa vipande vidogo hivyo yangegandana yakawa donge moja, kwa hiyo kiwandani wanayagaragaza kwenye unga ili kila chembe ikae peke yake. Hata zile za mimea, za mawese, ni hivyohivyo. Na bia nyeusi inatengenezwa kwa shayiri. Yaani ameondoa gluteni mlangoni akairudisha kwa madirisha mawili.

Mimi hayo sikuyajua. Miaka yote nilikuwa nafungua pakiti na kumimina, sikuwahi kuwa na sababu ya kuigeuza nisome nyuma. Nilikoroga Jumapili ya tarehe 24 Novemba 2024, mume wangu akakoroga, watoto wakakoroga, wifi akaja mwenyewe kutoka Nottingham akakoroga zamu yake akiwa amefumba macho. Nikaipika kwa mvuke saa 8. Siku ya Krismasi nilipoiweka mezani wifi akaniuliza mara moja tu: "Una hakika?" Nikamjibu, "Nina hakika, kula."

Hilo jibu ndilo linaloniuma mpaka leo.

Alikula vipande viwili. Akafurahi, akalia kidogo, akasema ni ile ile ya mama. Kabla ya saa 3 usiku alikuwa ameinama bafuni anatapika, tumbo limemkaza, rangi imemtoka. Mume wangu akafungua kabati, akatoa ile pakiti tupu niliyokuwa nimeikunja na kuibana kwa mpira, akaigeuza na kuisogeza kwenye taa. Hakusema neno, aliweka tu kidole. Neno "ngano" limeandikwa kwa wino mzito, limekozwa kuliko maneno mengine yote, kwa sababu sheria ya hapa inataka vile vitu 14 vinavyodhuru baadhi ya watu vionekane wazi kwenye orodha ya viambato. Lilikuwepo muda wote. Wifi alilala kitandani siku tatu, tarehe 28 ndiyo akaweza kunywa supu.

Kosa langu nimelikiri kwake, nimemwomba radhi, na amenisamehe. Sikwepi. Ila mimi nilimdanganya mtu mmoja kwa kutokujua. Huyu mwenye chaneli nilimwandikia tarehe 29 Desemba, kwa adabu zote, "Dada yangu, naomba urekebishe, shahamu hiyo ina ngano na bia ina shayiri, nimeumiza mtu." Komenti ikafutwa. Nikaandika tena, nikaweka na picha ya pakiti. Nikafungiwa. Na kabla sijafungiwa niliona mama mwingine anauliza kama anaweza kumpa mwanawe wa miaka sita mwenye siliaki, akajibiwa kwa vikopa vitatu na "ndiyo mpenzi". Mtoto wa miaka sita!

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kukosea tunakosea wote. Kuambiwa ukafuta, hapana.

Na siyo hilo peke yake, maana nilirudi nikazitazama video zake nyingine za pudini "mbadala". Kuna ya wasiokunywa pombe. Jirani yangu hapa Leicester, dada wa Mombasa, Mwislamu, aliifuata ili watoto wake waonje wanachokula wenzao shuleni. Ameambiwa abadilishe brandi kwa juisi ya machungwa, sawa kabisa, mimi mwenyewe natumia juisi na chai ya rangi kali kulowekea zabibu na zinanona vizuri. Lakini ameambiwa pia aiweke kabatini miezi miwili na kila wiki aifunue ainyunyizie juisi, kama wenzake wanavyoinyunyizia brandi. Jamani! Brandi inanyunyiziwa kwa sababu pombe inazuia ukungu. Juisi inaulisha ukungu. Alipofunua wiki ya nne alikuta manyoya ya kijani juu yake. Zabibu, lozi, maganda, zaidi ya pauni 20, vyote kwenye pipa la taka. Pudini isiyo na pombe ipike karibu na sikukuu, ihifadhi kwenye friji, au igandishe kwenye friza kama unataka kuipika mapema. Sentensi moja tu, na hakuisema.

Kuna na ile ya majarini ya kuyeyusha mahali pa shahamu. Shahamu ya figo inayeyuka kwenye nyuzijoto kama 45 hadi 50, wakati siagi inaanza kulegea kwenye 30 na kitu. Maana yake unga na mayai yanaanza kukaza huku chembe za shahamu bado zipo, zikija kuyeyuka zinaacha vitundu, na hivyo vitundu ndivyo vinavyoifanya pudini iwe nyepesi hata kama ni nyeusi na nzito kwa kuitazama. Ukimimina majarini iliyoyeyuka unapata tofali linalovuja mafuta. Kama hutaki nyama, gandisha siagi iwe ngumu kabisa uikwangue kwa kikwaruzo. Haitafanana moja kwa moja ila italiwa.

Sasa asije mtu hapa akasema napinga mabadiliko, nalinda vya Wazungu. Pudini hii imebadilishwa tangu zamani. Wakati wa vita ya pili, sukari ilipoanza kugawiwa kwa kadi Januari 1940, watu walikwangua karoti wakatia ndani, kwa sababu karoti ina utamu na ina unyevu. Walijua wanaziba pengo gani. Na mwaka 1927 mpishi wa Mfalme George wa Tano alitoa resipi yake ili bodi ya serikali iitumie kutangaza bidhaa za himaya ya Uingereza, kila kiungo na nchi yake: zabibu za Australia na Afrika Kusini, ramu ya Jamaika, na karafuu za Zanzibar. Za kwetu zile! Kwa hiyo na sisi tuna haki ya kuigusa pudini hii, tena kwa mikono miwili. Mimi mwenyewe sukari nyeusi ikiniishia natia sukari guru na naipenda zaidi. Ninachodai ni kimoja: kabla hujatoa kiungo, jua kilikuwa kinafanya kazi gani, na kabla hujamwambia mgonjwa "kula", geuza pakiti usome.

Wasimamizi, naomba uzi huu usihamishiwe kule kwenye mapishi ukapotea. Huu siyo uzi wa kubadilishana resipi.

NYONGEZA: Kuna mdau hapo chini ameniambia ni ushamba kumlaumu mtu wa video, daktari ndiye wa kuulizwa. Mkuu, yeye ndiye aliyesema "wagonjwa wa siliaki kuleni bila wasiwasi". Hakuna aliyemlazimisha. Angesema "pudini ya unga wa mchele" akaishia hapo, nisingekuwa na neno.

NYONGEZA YA PILI: Waliouliza mwaka huu nafanyaje. Nenda buchani uombe mafuta ya kwenye figo, mabichi. Mimi nanunua kwenye bucha la halali hapa mtaani na wananiuzia kwa bei ya chini. Menya ule utando, ondoa vijinyama na damu, gandisha usiku kucha, asubuhi kwangua huku unanyunyiza unga wa mchele yasishikane. Bia badilisha kwa ile iliyoandikwa waziwazi kuwa haina gluteni, au chai ya rangi na juisi. Bekini pauda nayo isome, nyingine zimechanganywa na unga wa ngano. Mwiko wa mbao wa zamani uliokwisha kukorogea ngano usitumie, tafuta mpya. Na wenye presha kuka wanaotaka kuokoa gesi: inafaa, lakini iache ichemke kwanza kama nusu saa bila kuweka uzito ili iumuke, ndipo ufunge presha kwa saa mbili na zaidi.

NYONGEZA YA TATU, saa 4 usiku: Nimeazima simu ya mume wangu nikaingia kuangalia, maana yangu imefungiwa. Video bado ipo. Chini yake bado imeandikwa "salama kwa siliaki". Yule mama wa mtoto wa miaka sita, kama uko humu au kuna anayemfahamu, naomba aniandikie.