Posho ya kikao: kwenye mabunge ya juu wanambanaje anayesaini na kuondoka?

Katibu_Mlimani
Wakubwa shikamooni. Mimi ni katibu wa bodi ya chama cha msingi cha kahawa, huku Kibosho. Jumamosi kikao kilikuwa cha malipo ya awali. Wajumbe tisa walisaini daftari saa tatu. Tulipofika kwenye ajenda yenyewe, saa nne na nusu, wamebaki wanne. Akidi hakuna, posho imeshachukuliwa. Nje kwenye benchi alikaa mama mmoja mjane, jirani yangu, akisubiri kusikia bei. Posho ile inakatwa kwenye kilo zake. Nilishindwa kumtazama usoni.

Tunarekebisha masharti ya chama kabla ya mkutano mkuu. Nasikia Uingereza wajumbe wa Bunge la Malodi wanalipwa kwa siku kama sisi. Wao wanafanyaje?

Mwalimu_Uraia
Pole, Katibu. Ni kweli, walio wengi kule hawana mshahara. Mwaka 2010 waliwekewa posho ya pauni 300 kwa siku, na anayetaka anachukua nusu au hadai kabisa. Baadaye kiwango kilipanda. Ila inalipwa kwa kuhudhuria, awe amechangia au amekaa kimya, kwa hiyo lawama za watu kuonekana na kutokomea wanazo hata wao. Sheria ya 2014 inamwondoa asiyehudhuria hata mara moja katika msimu mzima wa Bunge. Kwangu hiyo ni ndogo mno.

Cha kuiga ni kanuni yao ya maadili: mwenye maslahi kwenye jambo anayataja kabla ya kulizungumzia, na yanaandikwa kwenye daftari ambalo mwananchi yeyote anaweza kulisoma. Tangu 2015 wanaweza hata kumfukuza mwenzao. Bodi zetu zinaumia hapo zaidi ya kwenye posho. Mjumbe ananunua kahawa kwa mlango wa nyuma, halafu anakaa kupanga bei ya chama!

Dada_wa_Namanga
Kaka Katibu, mimi nipo Arusha lakini biashara yangu ni mpakani, Seneti ya Kenya naisikiliza sana. Katiba yao, ibara ya 103: seneta akikosa vikao vinane katika msimu mmoja bila ruhusa ya Spika ya maandishi, wala maelezo ya kuridhisha, kiti kinakwenda. Na kwenye mambo ya kaunti kila kaunti ina kura moja, zote 47. Kiongozi wa ujumbe wa kaunti akitoroka bila kuacha wa kupiga kura kwa niaba yake, kaunti nzima imenyamaza. Nanyi andikeni hivyo: asiyekuwepo ni kitongoji gani, siyo jina lake tu.

Katibu_Mlimani
Asante dada. Kitongoji nimekichukua, kitasomwa mkutano mkuu. Saini zitakuwa mbili, ya kuingia na ya kutoka, na posho itatolewa kikao kikifungwa.

Mwalimu, kifungu cha maslahi naomba unisaidie kukiandika. Kwenye bodi yupo kinayemgusa, naye ni shemeji yangu. Nataka maneno yake yasiyumbe.