Bahari imefika jikoni Pangani: nijenge ukuta au niache?

Mkwaju_Mmoja: Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri, silali. Nyumba ya marehemu baba ipo ufukweni. Minazi ya mbele yote imeanguka, na bamvua la juzi, bahari ilipojaa kupita kawaida, maji yameingia jikoni, yamebeba hadi mafiga. Fundi anasema ukuta wa mawe utatosha. Nijenge?

FundiSaruji: Ukuta huangushwa kwa kuchimbwa. Wimbi likigonga linashuka na kuondoka na mchanga wa chini, mwisho unakuta mawe yananing'inia. Na pale ukuta unapoishia, bahari inahamia kwa jirani. Msingi una kina gani?

BintiTanga: Nilikuwa Mafia kimbunga Hidaya kilipotua Mei 2024. Mabati ya shangazi hatukuyaona tena. Nyumba hujengwa upya, mtu harudi. Nani analala humo?

Mzee_Ngalawa: Tazameni kisiwa cha Maziwe hapo mbele. Kilikuwa na miti, ikakatwa. Leo ni fungu la mchanga, bamvua likijaa kinazama chote. Vijana mnamaliza mikoko halafu mnauliza bahari ina nini.

Kibarazani: Mkuu, maswali mawili umeyaruka. Na hati unayo? Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Mkwaju_Mmoja: Hakuna anayelala humo, mpangaji alishahama.

Kibarazani: Sasa ukuta wa nini?

Mkwaju_Mmoja: Kuna mtu wa Dar anainunua. Ameshatoa malipo ya awali, anataka aone ukuta ndipo amalizie.

FundiSaruji: Alikuja kuiona lini?

Mkwaju_Mmoja: Wakati wa maji mafu, bahari haijai sana. Lakini alikuja na macho yake, habari za bahari hakuuliza. Na ile pesa nimelipia ada za wadogo zangu, hairudi. Nyumba zinauzwa pwani nzima, kwa nini yangu iwe kosa?

BintiTanga: Ndugu yangu, hiyo ni dhuluma. Mpigie leo umwambie maji yanafika wapi.

Mzee_Ngalawa: Marehemu hatalala salama.

Jahazi77: Subirini kwanza. Bamvua la juzi lipi? Bamvua huja mwezi ukiwa mpevu au ukiandama. Jana mwezi ulikuwa nusu, hayo ni maji mafu. Mtu wa Pangani hawezi kukosea hapo. Hii ni chai.

FundiSaruji: Kweli, na kina cha msingi hajakitaja mpaka sasa.

Mkwaju_Mmoja: Juzi nimesema kwa mazoea tu, ni bamvua la mwezi mpevu uliopita. Nitunge ili nipate nini? Nimekuja kuuliza ukuta, mmenifanyia kesi.

Salma_wa_Kigamboni: Mimi sijali kama ni chai. Kaka yangu ametoa pesa ya nyumba Pangani mwezi huu. Yako ni upande wa mjini au ng'ambo, Bweni?

Mkwaju_Mmoja: Dada, nakuja inboksi.

FundiSaruji: Inboksi ya nini? Mjibu hapahapa.