Mjadala: Mifereji ya Hola iliyoachwa na mto, tuifanye bustani ya elimu?

Mwalimu wa Kisauni: Juzi niliwapeleka wanafunzi wangu Haller Park, pale Bamburi, tukasimama mbele ya ukuta wa machimbo ambapo matumbawe yaliyokuwa chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita yanaonekana wazi, mpaka mtoto mmoja akauliza kama yangali hai. Pahali pale palikuwa uwanda mtupu wa mawe ulioachwa na kiwanda cha saruji, hadi mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda mivinje, kisha akaleta majongoo wayasage majani yake yawe udongo. Nikaikumbuka Hola, kule Tana River, ambako mwaka 1989 Mto Tana ulihama njia na kuiacha kavu pampu ya mradi wa umwagiliaji. Kwa nini mifereji ile mifu isigeuzwe bustani ya kufundishia ikolojia na jiolojia?

Mtu wa Hola: Mwalimu, nimesoma yote, lakini nimekwama kwenye neno "mifu". Mwaka ule nilikuwa darasa la tano, na baba yangu alikuwa na shamba la pamba. Nilimwona akikaa ukingoni mwa mfereji jioni nzima, ameshika jembe, akingoja maji ambayo hayakuja. Mradi ulifufuliwa baadaye na leo tunalima mahindi ya mbegu. Nyinyi wa Mombasa, ambao maji yenu ya bomba yanatoka chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, mnapata wapi uhodari wa kutangaza vifo vya mifereji ya wenzenu?

Mwalimu wa Kisauni: Niwie radhi, ndugu yangu. Nilikusudia ile ya zamani iliyobaki bila maji, wala si mashamba yenu. Ama hayo maji ya Mzima, hapa kwangu Kisauni tunayasikia tu.

Fundi wa Changamwe: Tusisahau kwamba Haller alikuwa na kiwanda kizima nyuma yake. Hola nani atalipa? Hata hivyo somo lenyewe ni zuri: mto wenye tope jingi, ukipita kwenye tambarare, huinua sakafu ya njia yake mwenyewe kidogo kidogo, hadi siku ya mafuriko unapovunja ukingo na kujitafutia njia ya chini zaidi. Mhandisi aliyeijenga pampu aliuamini mto utakaa alipoukuta.

Bi wa Makadara: Mnazungumza mto na majongoo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani waliochimba. Mradi ule ulianzia kwenye mikono ya mahabusu wa Mau Mau. Watu kumi walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi hiyo, kisha serikali ya kikoloni ikasema walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji.

Mtu wa Hola: Kumi na mmoja, Bi. Tarehe 3 Machi 1959.

Bi wa Makadara: Ahsante kunisahihisha, mwanangu. Basi hao kumi na mmoja wataandikwa wapi, chini ya kibao cha kueleza mchanga au cha kueleza mfinyanzi?

Mwalimu wa Kisauni: Kibao cha kwanza, Bi, kabla ya jiwe lolote. Lakini naomba turudi kwenye ikolojia, kwa kuwa kuna mathenge, mti ulioletwa Bura, jirani na Hola, miaka ya 1980 ili watu wapate kuni, na sasa umeteka malisho na kingo za mifereji. Hakuna kitabu kitakachomfundisha mtoto madhara ya mti mgeni vizuri kuliko kusimama mbele ya kichaka hicho.

Fundi wa Changamwe: Kule Baringo wafugaji walimpeleka mbuzi mahakamani, meno yameoza kwa utamu wa maganda ya mathenge. Huyo naye awekwe bustanini.

Bi wa Makadara: Mbuzi ana kesi, mahabusu hawakupata.

Mtu wa Hola: Mimi sijakataa bustani. Nataka watakaoongoza wageni wawe watoto wetu, na mfereji wowote unaoweza kupitisha maji tena usiguswe. Na hao wanafunzi wako, Mwalimu, waje na viatu vya ngozi, kwa maana mwiba wa mathenge hupenya ndara ukatokea upande wa pili.